Babu hakuitika

Siku ya kwanza ya mwanangu darasa la awali aliandikwa hayupo. Alikuwepo. Alikaa mkekani safu ya mbele, kaptula ya bluu imemfika magotini maana nilinunua ya kumfikisha darasa la pili. Mwalimu alipoita jina lake mara ya kwanza na ya pili, naye akageuza shingo pamoja na wenzake kumtafuta huyo mtoto asiyeitika.

Mtoto huyu ana jina la baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Mimi mkwe simtaji jina, ndivyo nilivyofundwa. Mume wangu naye anaona vibaya kumgombeza mtoto kwa jina la baba yake eti kamwaga maji. Basi tangu arobaini yake mtoto ni Babu. Babu njoo ule, Babu kaoge. Hapa Makorora, Tanga, hadi muuza mihogo anamjua Babu. Jina lenyewe limekaa kwenye cheti cha kuzaliwa, na cheti kimekaa kabatini kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki. Kilitoka siku ya kumwandikisha, kikarudi.

Na mimi nilijiona nimemwandaa! Tangu Septemba ni a, be, che kila jioni. Hesabu hadi ishirini, akiruka kumi na nne. Irabu nimezibandika kwenye mlango wa friji. Mchana nilipomfuata, mwalimu alinivuta pembeni kwa upole, akaniambia herufi wanafundisha wao, tena wanaanza na sauti zake, si majina yake. Watoto ni wa miaka 5, mwaka mzima uko mbele, na muda mwingi ni kucheza kwenye kona zao za darasani. "Wewe mama nisaidie vitu viwili tu. Ajue jina lake, na aweze kufungua kifungo."

Hilo la kifungo ndilo lililonitia aibu zaidi. Nyumbani Babu anavaa bukta za mpira, anashusha na kupandisha. Kaptula ya shule ina kifungo kigumu na tundu jipya. Aliomba ruhusa vizuri, akakimbia, akafika mlangoni mwa choo, akapambana na kifungo mpaka haja ikamtoka. Nilimkuta amevaa kaptula ya kuazimwa, na ile yake imelowa imekunjwa juu ya ndala zake.

Jioni ile friji ilipumzika. Tulikaa sakafuni na kaptula kati yetu. Mwanzo alikuwa anakibonyeza kifungo kwa kidole gumba kama swichi ya taa. Nikamwonyesha: kiinamishe kwanza, kikae upande, halafu ukingo wake uingie tunduni wenyewe. Alitoa ulimi nje, akajaribu, kikapita. Akakifunga tena ili akifungue tena, labda mara ishirini. Tundu nalo nililitanua kidogo kwa wembe, sitaki kudanganya.

Shoga yangu wa nyumba ya pili wa kwake anaanza Januari ijayo, na ameshaniuliza anunue vitabu gani. Nimemwambia shule za serikali ada hakuna tangu 2016, hela hiyo aiweke kwenye sare na mchango wa uji, na sare ainunue mapema, mtoto aivae nyumbani aizoee. Amzoeshe pia choo cha shimo, kama cha kwake ni cha ndani, maana lile giza la chini linawatisha. Chupa ya maji iwe ile ambayo mtoto anaifungua mwenyewe. Alinitazama kama nimemnyima siri.

Jina lilikuwa gumu kuliko kifungo, na ugumu ulikuwa wangu. Ulimi ulikataa kabisa. Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Babu kasomaje?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza, nikadhani nimemkwaza, kumbe anacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Sasa serikali nayo imwite Babu? Mtaje, mwanangu. Mwenyewe alikuwa anapenda kuitwa."

Baada ya chakula tukacheza shule. Kwanza mwalimu alikuwa yeye, wanafunzi ni viatu vyote vya mlangoni, na kiatu cha baba yake kilichapwa kwa kuchelewa. Kisha zamu yangu. Nikashika daftari, nikaita watoto wawili watatu wa mtaani, halafu nikalitaja. Lilitoka dogo, kama nanong'ona msibani. Nikalirudia kwa sauti.

"Nipo mwalimu!"

Nikaweka vema. Akaja kuchungulia daftari.

"Na Babu je?"

Nikamwambia Babu haendi shule, anabaki nyumbani, akirudi mchana atamkuta. Akafikiri kidogo.

"Basi umwekee andazi."