Jua la Monet lilivyonitoa jasho hapa Bagamoyo

Aisee mi mwaka wa pili huu najifunza kuchora, nyumba za Mji Mkongwe naziweza, minazi naiweza, ila bahari nikichora inatoka kama bati lililopakwa bluu. Kuna mzee mchoraji huwa nashinda barazani kwake jioni, akanambia we acha za kwako kwanza, fuata mkono wa mkubwa. Akanipa printi ya picha ya Monet, mchoraji wa zamani wa Kifaransa, ile ya bandari ya Le Havre kule Ufaransa, ya mwaka 1872, ukungu umetanda, vimashua vimekolea weusi, na kijua cha rangi ya chungwa.

Picha yenyewe sentimita 48 kwa 63 tu nikasema hii wiki haiishi. Nikawamba marekani kwenye fremu, nikapaka emulsheni mikono miwili, nikapiga miraba kwa penseli. Anga na maji siku mbili. Shida mi natumia akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, Monet alitumia rangi za mafuta unazokoroga taratibu, hii yangu kwa upepo wa huku inakauka ukiwa bado unawaza, ikabidi niazime kile kichupa cha kunyunyizia maji nguo za kupiga pasi.

Sasa jua. Siku tisa! Kila nikilipaka limekaa kama kiini cha yai, naongeza nyeupe ling'ae, ndo kwanza linapauka.

"Mzee, jua limenikataa."

"Lete simu mwanangu."

Akapiga picha ile printi akaigeuza iwe nyeusi na nyeupe, jua likapotea, yaani limemezwa na anga lote usilione. Akapiga yangu, jua hilo hapo jeupe pee kama shilingi. Kumbe Monet hakulifanya liwe jeupe kuliko anga, mwanga wake karibu sawa na wa mawingu, linawaka kwa sababu ni chungwa limezungukwa na bluu na kijivu. Basi nikakoroga upya, nyeupe kidogo sana, kila mkorogo unapita kwenye simu kwanza. Wa nne simu haikuliona. Kucheki kitambaa, linawaka!

Nyuma mzee kanilazimisha niandike "kopi ya Monet", asije mtu akadhani nimebuni mimi.

Juzi saa kumi na mbili asubuhi nikashuka ufukweni karibu na soko la samaki, nikachora jua letu likitoka baharini na ngalawa mbili. Nikampelekea. Kaangalia weee, kasema jua safi, ila ngalawa ya kushoto umeisahau mirengu, yale mabawa ya mbao ya pembeni, hiyo inapinduka kabla haijafika.