Pembe anataka baridi ya Limuru

Nilipomleta Pembe, kinyonga wangu, nyumbani hapa Leeds, Machi 2022, nilifuata kila nilichoelekezwa na aliyeniuzia: taa ya joto mchana, na taa nyekundu ya kumpasha usiku kucha. Wiki ya tatu akawa anashinda chini kabisa ya kizimba, amepauka, mdomo wazi. Nyenje wakimpitia mbele anawatazama tu.

Pembe ni kinyonga wa pembe tatu, wale wa nyanda za juu za Kenya, ingawa yeye alizaliwa kizimbani hukuhuku Uingereza. Mimi nimekulia Limuru. Tulikuwa tukiwaona kwenye ua wa kayaba asubuhi za Julai, ukungu na manyunyu, vidole vyetu vimekufa ganzi, naye ametulia kwenye kijiti chake. Watoto tuliwarushia mawe, kwa kuwa tuliambiwa kinyonga ndiye aliyechelewa kufikisha ujumbe kwamba watu hawatakufa. Mawe yale yananiuma hadi leo.

Basi nimepiga magoti mbele ya kizimba, nasoma kipimajoto: mchana nyuzi 32, usiku 25. Nikajiuliza, Limuru ni lini usiku umefika nyuzi 25?

Daktari wa wanyama alinieleza kwamba maelekezo mengi huandikwa kwa ajili ya kinyonga wa Yemen, ambaye huhimili joto. Huyu wetu humtosha nyuzi 27 au 28 pale anapoota joto, sehemu nyingine za kizimba 21 hadi 25, na usiku lazima ipoe, 15 hivi au chini kidogo. Taa nyekundu niliing'oa jioni hiyohiyo. Radieta ya chumba kile nikaifunga. Siku ya nne akapanda juu, akala nyenje wawili, nami nikalia.

Maji nayo ni somo. Kinyonga hajui bakuli; atakufa kiu maji yako miguuni pake. Hunywa matone yanayoteleza kwenye majani. Nimetoboa kikombe cha plastiki kwa sindano, nakiweka juu ya wavu kidondoshe maji polepole, na asubuhi na jioni nanyunyizia mimea kama manyunyu ya kwetu. Halafu naacha pakauke, maana unyevu usiokauka huleta ugonjwa wa ngozi na mapafu. Kila siku natazama kinyesi: ile sehemu nyeupe ikigeuka ya machungwa, au macho yakididimia, maji hayamtoshi.

Taa ya UVB, ile inayotoa miale ya urujuanimno kama ya jua, msiifanyie ubahili. Bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, kalisiamu haifiki mifupani, na miguu hupinda. Kumweka nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, kwa sababu kioo huizuia. Na taa ikizeeka huendelea kuwaka vizuri machoni petu huku miale imepungua, ndiyo maana yangu nimeiandika tarehe kwa kalamu ubavuni, kila mwaka naibadilisha.

Chakula ni nyenje watano au sita, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ila nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Nawalisha sukuma wiki na karoti siku nzima kabla hawajaliwa (spinachi siwapi, ina asidi inayofunga kalisiamu), kisha nawapaka unga wa kalisiamu tupu. Unga wenye vitamini A na D3 ni mara mbili tu kwa mwezi. Aina hii hudhurika upesi vikizidi. Wanaobaki nawatoa kabla ya giza, la sivyo watamng'ata akilala.

Binamu yangu aliniuliza kama amkamatie mmoja shambani amfuge. Nikamwambia asithubutu. Sheria ya wanyamapori ya Kenya hairuhusu bila kibali, na yule wa porini huja na minyoo, akifungiwa hufadhaika na mara nyingi hafiki mbali. Amwache kwenye ua, awakataze watoto mawe.

Mama naye kila akipiga simu huuliza kama kweli nalala nyumba moja na kinyonga. Jumapili iliyopita nilimwonyesha kwenye video, Pembe akizungusha jicho moja kunitazama na jingine likifuata nyenje. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Amekula leo?"