Kabla ya kulipa ada, uliza namba ya fani

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Temeke alinitumia barua mbili za kukubaliwa chuo huku Marekani, zote za uzamili. Moja ya MBA, nyingine ya sayansi ya menejimenti. "Dada, si ni kitu kile kile? Nichukue yenye ada nafuu?" Nimeona jibu niliweke na hapa, maana hata mimi kidogo tu nichague vibaya.

Si kitu kile kile. MBA inakufundisha kuendesha biashara: fedha, masoko, watu. Sayansi ya menejimenti ni hesabu. Unakumbuka zile za Kidato cha Nne, unachora mistari kwenye grafu kutafuta faida kubwa kabisa? Ndizo hizo, ila mistari inafika maelfu na anayetafuta ni kompyuta, kwa njia aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947. Kama hesabu huzipendi, utateseka.

Mimi lililonikamata ni somo la foleni. Lilianza na Mdenmark A. K. Erlang, aliyekuwa akichunguza simu zinazosubiri kuunganishwa Copenhagen. Makala yake ya kwanza ilitoka 1909. Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne kwa wakala wa forodha, nikiangalia malori yamepangana Barabara ya Mandela kuelekea bandarini, kila mtu akimlaumu mwenzake. Kumbe kwa kanuni rahisi kabisa ya foleni, geti linaloshughulika asilimia 80 ya muda huwa na wastani wa malori 4, pamoja na lile linalohudumiwa. Likifika asilimia 95, malori 19. Siku ile nilitoka darasani nikampigia mwenzangu wa zamani wa kazini, saa saba usiku kwao.

Sasa hili la kuuliza mapema. Kila programu huku ina namba ya fani, CIP, na utaikuta kwenye fomu yako ya I-20, ile chuo wanayokupa ya kuombea viza. Sayansi ya menejimenti ni 52.1301, nayo imo kwenye orodha ya serikali ya huku ya STEM, yaani fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. MBA ya kawaida ni 52.0201, haimo. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, akimaliza masomo anaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi, ile OPT. Mwenye fani ya STEM anaweza kuongeza 24. Kwa familia iliyokopa ili usome, tofauti hiyo ni kubwa mno. Na jina la shahada lisikutoshe: zipo MBA zilizosajiliwa kwa namba ya STEM. Andika barua pepe, waulize namba, wakujibu kwa maandishi.

Ukitafuta, tafuta kwa majina yote. Stanford wanaiita Management Science and Engineering, MIT wana Operations Research Center tangu 1953, Georgia Tech wameiweka ndani ya uhandisi wa viwanda. Na kama hesabu zimekukolea, omba PhD moja kwa moja. Vyuo vingi hupokea mwenye shahada ya kwanza, na mara nyingi PhD ndiyo yenye ada iliyolipiwa na posho juu, wakati uzamili unajilipia mwenyewe.

Mdogo wangu ameandikia vyuo vyote viwili. Kimoja kimejibu jana. Nimemwomba baba yake asiuze kiwanja cha Chanika mpaka cha pili nacho kijibu.