Dynamo na watu wa Ujiji

Machi 2024, Dynamo ya Burundi ilipocheza Ligi ya Kikapu Afrika mjini Pretoria, niliitazama nikiwa Ujiji, Kigoma, kwenye simu ya jirani, tukiwa tumeizunguka watu kama kumi, wawili kati yao wamevaa jezi za Yanga, wote wakishangilia kana kwamba timu ni ya nyumbani. Sikushangaa, kwa kuwa Bujumbura iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na wengi hapa wana shangazi au mjomba ng'ambo ile. Binamu yangu wa Dar aliniuliza Dynamo ndiyo nini. Yeye ni shabiki wa Memphis Grizzlies, timu ya kikapu ya Marekani, tangu ilipomchagua Mtanzania Hasheem Thabeet mwaka 2009. Dynamo ilipopoteza mechi mezani kwa kukataa jezi yenye tangazo la utalii wa Rwanda, mwenye simu aliizima, akarudi kumenya karanga zake.