Yule Binti wa Kemondo

Tafakari ya Juma la 7 la Pasaka
Masomo: Isa 43:1-2, Lk 13:4-5, Yn 17:20-26

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Alhamisi hii ni tarehe 21 Mei, na inatimia miaka 30 tangu meli ya abiria MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kalenda kutukumbusha. Shuka Kirumba, waulize akina mama wa dagaa wenye umri wa kutosha, kila mmoja atakuambia alikuwa wapi asubuhi ile na nani alikuja mbio kusema meli imepinduka. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Ilikuwa Jumanne. Mwalimu alikuwa ameandika nusu ya sentensi ubaoni, akaitwa nje, hakurudi kuimalizia. Ile nusu ilikaa ubaoni mpaka wiki iliyofuata.

Mwaka jana kijana mmoja wa jumuiya yetu alinijia na simu mkononi. Alikuwa ametafuta mambo yaliyowahi kutokea duniani tarehe 21 Mei, na uso wake ulikuwa na hofu. Mwaka 1991, tarehe hiyohiyo, Rajiv Gandhi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa India, aliuawa kwa bomu kwenye kampeni huko kusini mwa nchi yake. Mwaka 1972, siku ya Pentekoste, mtu aliingia na nyundo katika Basilika la Mtakatifu Petro akaivunja mkono sanamu ya Bikira Maria aliyempakata Mwanawe. Na 1996, meli yetu. Akaniuliza, "Mwalimu, tarehe hii ina nini? Ina laana?"

Nilimwambia aendelee kusoma. Tarehe hiyo mwaka 1881 Clara Barton alianzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani. Mwaka 1904 FIFA ilizaliwa Paris, na hilo lilimfanya atabasamu kidogo. Mwaka 1932 Amelia Earhart alitua Ireland ya Kaskazini, mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kwa ndege. Siku ni ya Bwana, hata ile iliyotufanya tulie. Yesu alishaulizwa swali linalofanana na la kijana wetu, akajibu kwa kutaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Nawaambia, sivyo. Naomba neno hilo lifike kwa kila aliyewahi kunong'onezwa kwamba waliokufa ziwani walikuwa na jambo lao. Sivyo. Bwana mwenyewe amesema.

Wapo pia wanaoshika tarehe kwa namna nyingine. Mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, alipiga hesabu za Biblia akatangaza kwamba 21 Mei 2011 ndiyo siku ya hukumu. Watu wakaacha kazi, wengine wakamaliza akiba zao. Jua likachwa, likachomoza tena. Baadaye alikiri kwamba alikosea, na kwa kukiri huko namheshimu. Ila Zaburi ya 90 inaposema "utujulishe kuzihesabu siku zetu", haituombei ufundi wa namba. Inaomba moyo wa hekima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenikaa rohoni wiki nzima.

Katika orodha ile ya kijana wetu kulikuwa na mwaka 1927. Tarehe 21 Mei 1927, usiku, rubani Mmarekani Charles Lindbergh alitua karibu na Paris baada ya kuivuka Atlantiki peke yake, saa 33 na nusu angani. Umati ukavamia uwanja na magazeti ya dunia yakaandika jina lake. Tarehe hiyohiyo, mwaka uleule, padre mmoja wa Meksiko alikuwa njiani kwenda kuadhimisha Misa shambani, wakati serikali ya kule ikilitesa Kanisa. Akakamatwa. Siku 4 baadaye wakampiga risasi. Ni Mtakatifu Kristofa Magallanes, ambaye Kanisa linamkumbuka Alhamisi hii pamoja na wenzake. Siku moja ilibeba jina lililopigiwa makofi na jina lililotupwa selo. Mbinguni yote mawili yalisikika.

Halafu 1996 yenyewe. Wakati sisi tunalia hapa ziwani, huko Algeria, kwa tangazo la waliowateka, siku hiyohiyo ya 21 Mei waliuawa watawa 7 wa monasteri ya Tibhirine. Walikuwa wameshauriwa kuondoka kwa sababu ya vita, wakachagua kubaki na majirani zao Waislamu. Mmoja wao, Bruda Luc, alikuwa daktari mwenye umri wa miaka 82, na kwa miongo mingi alitibu wanakijiji bila kuuliza dini ya mtu. Majina yao ni Christian, Luc, Christophe, Michel, Bruno, Célestin na Paul. Kanisa liliwatangaza wenye heri tarehe 8 Desemba 2018 huko Oran. Ninaweza kuyasoma majina yao saba kwa pumzi moja.

Waliokufa na MV Bukoba siwezi kuwasoma.

Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hapo ndipo walipokaa wenye nauli ndogo, wafanyabiashara wa ndizi, wanafunzi, akina mama waliopanda na watoto na mikungu. Ndiyo maana hadi leo mwingine atakutajia vifo zaidi ya 800, mwingine atafika karibu 1,000. Aliyelipa zaidi aliandikwa. Aliyelipa kidogo alihesabiwa maiti yake ilipopatikana, kama ilipatikana.

Shangazi yangu alikuwa daraja la tatu. Alipanda bandari ya Kemondo jioni ya Jumatatu akileta ndizi Mwanza, na kwa kuwa mgongo ulikuwa unamsumbua, alikuja na binti wa jirani wa kumsaidia mizigo. Baba alizunguka uwanjani kwenye miili siku 3, akifunika pua kwa leso, akiangalia miguu kwanza, kwa sababu shangazi alikuwa na kovu la jembe juu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hakumpata. Mkesha ulifanyika bila jeneza. Na yule binti? Baba aliulizia baadaye. Familia yake ilikuwa imehama, majirani wakataja majina mawili tofauti, na nyumbani kwetu mpaka leo tunamwita "yule binti wa Kemondo". Alikufa akibeba ndizi zetu, na hatujui jina lake.

Kwa miaka mingi kuna somo nililokuwa siwezi kulisikiliza kanisani. "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe, na katika mito, haitakugharikisha." Likianza kusomwa, nilikuwa nainamisha kichwa na kuhesabu vigae vya sakafu. Maji yaliwagharikisha. Meli iligeuka juu chini, tumbo lake likaelea, watu wakasikika wakigonga chuma kutoka ndani. Tundu lilipokatwa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Mtu asiniambie haraka kwamba hilo lina maelezo.

Nilipolirudia somo hilo kwa utulivu, usiku, nikaona nilikuwa naanzia katikati. Mstari wa 1 unatangulia: "Usiogope, maana nimekukomboa; nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Jina linakuja kabla ya maji. Na waliotamkiwa maneno hayo walikuwa watu wa uhamishoni ambao wengi wa wazee wao walifia Babeli bila kurudi. Kwa hiyo nabii hakuwa anawaambia watu wasiojua kufiwa. Halafu nikakumbuka Zaburi ya 69, ambayo Kanisa linaisoma kwenye mateso ya Bwana: "Ee Mungu, uniokoe, maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu." Maji yalimfika na yeye. Mkristo anayeamini kwamba Yesu alishuka kuzimu anaamini pia kwamba alishuka kwenye ile daraja la tatu, gizani, upande ule ambao karani hakufika. Mimi nimeshika hapo. Sijapata jibu zaidi ya hilo, lakini sihesabu vigae tena.

Na Injili ya Alhamisi inanisaidia. Usiku wa kuamkia kifo chake Yesu anaomba: "Baba, hao ulionipa nataka wawe pamoja nami po pote nilipo." Sikiliza hilo neno nataka. Hasemi "wale walioandikwa". Anasema hao ulionipa.

Lakini haitoshi tumwachie Mungu kazi ya kukumbuka majina huku sisi tukiendelea kupakia watu kama magunia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikikaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu tulie na kuapa. Wapo kati yetu wenye mitumbwi, wenye boti, wanaokatisha tiketi, wanaopanga mizigo mwaloni. Ndugu yangu, ukimwongeza mtu wa mwisho kwa sababu nauli yake ni tamu, hiyo ni dhambi, na iungamwe kama dhambi. Na wewe abiria unayempigia kelele nahodha aondoke kwa kuwa umechelewa sokoni, nawe jiangalie.

Mwezi wa Februari nilikwenda mazishini kisiwani, kwa kivuko ambacho sitakitaja. Mlangoni kulikuwa na karani kijana, daftari lake limefungiwa kalamu kwa kamba ya kiatu. Anauliza jina, anaandika. Mbele yangu mzee akasema, "Andika tu mtu mmoja, tunachelewa." Baada yake mama mwenye mtoto mgongoni. Karani akamwandika mama, akamwashiria apite. Nikauliza, na mtoto? Akajibu bila ubaya wowote, "Wa mgongoni haandikwi, mzee, halipi nauli."

Nilishindwa kusogea. Watu nyuma wakaanza kuguna. Nikamwambia karani habari ya shangazi na yule binti, kwa sentensi mbili tu, sauti ikanikwama. Akaniangalia, akamgeukia yule mama, "Anaitwa nani?" Mama akacheka kwa aibu, kisha akalitaja jina la mwanawe, majina matatu kamili, polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni. Mstari ulikuwa umejaa, karani akaliandika pembeni, kwa herufi ndogo, likipanda juu kufuata ukingo wa karatasi. Na aliyefuata alikuwa na pacha. Wote wawili wakaandikwa.

Sala yetu ya wiki hii iwe fupi: Bwana, utujulishe kuzihesabu siku zetu, na utufundishe kumhesabu kila uliyetupa. Tunaendelea pia na novena ya Roho Mtakatifu, sala yetu ya siku tisa, na Alhamisi itakuwa siku ya saba.

Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi tutakwenda Igoma, kwenye makaburi ya wenzetu. Wenye gari wasaidie wazee. Safari hii hatutaanza na hotuba. Kila mmoja aje na majina ya watu wake waliokuwa melini, yameandikwa kwenye karatasi, tutayasoma kwa sauti moja baada ya jingine, hata ikichukua mchana mzima. Waislamu wenye ndugu zao pale tumewaalika, nao watasoma majina ya kwao. Kama unajua jina la kwanza tu, lete hilo. Kama alikuwa mtoto mchanga ambaye hajapewa jina, andika mtoto wa fulani. Karatasi na kalamu nitakuwa nazo mimi, na zamu yangu ikifika nitasoma jina la shangazi, kisha nitasema "yule binti wa Kemondo", na nitanyamaza kidogo hapo, kwa nafasi ya jina lake.