Siku moja maishani mwangu: kikombe cha marehemu na udhu wa saa nzima

Saa 11 alfajiri nishaamka, nimeswali, nimewakorogea watoto uji, saa 12 na nusu niko kituoni nasubiri daladala. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, kazi yangu iko hospitali hapa Tanga, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: dada, we unajuaje huyu anaumwa na huyu ni tabia yake tu? Basi nawapa siku yangu ya jana muone. Habari za watu nimezibadilisha sana ili mtu asitambulike.

Saa 2. Wanaingia vijana wawili na mama yao, kavaa buibui, hana hina wala wanja. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu," halafu akashusha sauti, "mimi nimo edani, hawa wamenitoa nje." Mumewe kafariki miezi mitatu sasa. Wanawe wana hofu kwa sababu kila jioni anamimina kahawa vikombe viwili, kimoja chake kimoja cha marehemu, na anasema alfajiri anamsikia akikohoa uani kama alivyokuwa akikohoa akitawadha. Yule mkubwa ananinong'oneza, mama kachanganyikiwa, mpe dawa.

Watu wengi wanapima kwa uchache, yaani kitu wasichofanya wengine basi ni ugonjwa, lakini kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kwenye vipimo vya uwezo wa akili (IQ), ambako wastani ni 100, wanaopata chini ya 70 ni kama wawili katika kila mia, na wanaozidi 130 ni kama hivyohivyo, ila sijaona mzazi akimleta mtoto kliniki kwa sababu kapata 135. Kwa hiyo nauliza mengine: limeanza lini, linakuumiza kiasi gani, limekuzuia kufanya nini, kuna hatari kwako au kwa mtu, na kwenu jambo hili linaonekanaje. Mama anakula, analala, kodi ya vyumba vyake anaidai mwenyewe na hesabu haijapotea hata shilingi. Nikamuuliza taratibu, mama, baba yuko wapi? Akaniangalia machoni, "Kafa mwanangu, nimeliona jeneza likitoka."

Mfiwa kusikia sauti ya aliyemzoea miaka yote ni jambo la kawaida kabisa, hata kwenye vitabu vyetu limo. Na hebu fikiria angekutana na mtu asiyejua eda, amshikie ile fomu ya maswali: hatoki, hajipambi, sherehe haendi, tiki tiki tiki, tayari ana sonona! Wakati anatimiza miezi yake minne na siku kumi kama walivyofanya mama yake na bibi yake. Kwenye faili nikaandika huzuni ya msiba, hakuna ugonjwa, nikawapa tarehe ya kurudi eda ikishaisha.

Saa 5 anaingia kijana wa chuo, kaja peke yake. Huyu hakuna aliyemlalamikia, mtaani wanamsifu, kijana mcha Mungu, kila saa yuko bombani. Nikaomba anionyeshe mikono: ngozi imechanika katikati ya vidole, nyeupe, pembeni ina damu iliyokauka. Kila kiungo kinaoshwa mara tatu, yeye anafika ishirini kisha anahisi haijatimia anaanza upya, udhu mmoja unapita saa nzima na swala ya jamaa inampita msikitini karibu kila siku. Akasema "najua imeshatakata dada, ila siwezi kuacha", na hapo akalia. Wazee wetu wanaita wasiwasi, ile shaka ya ibada isiyokwisha, na dini yenyewe inamkataza kuufuata, kwa hiyo hapa siwezi kusema ni mila za kwao. Anateseka, muda wake unaliwa, masomo yameshuka. Huyu ndiye mgonjwa, na anatibika, na kinachoniuma ni kwamba kakaa nayo miaka miwili watu wakimpigia makofi.

Mchana nilikula wali maharage haraka haraka.

Saa 8 nakaa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mmoja kauliza, kama kitabu kina vigezo si tufuate kitabu tu? Nikamwambia vitabu vinaandikwa na watu. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Louisiana alitangaza kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akaupa na jina, drapetomania. Mtu anakimbia minyororo halafu anaitwa mgonjwa! Darasa lilinyamaza, kwa sababu na sisi huku pwani tunajua watumwa walipita wapi. Hata leo, kabla ya kuiita huzuni ya msiba ugonjwa, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2022 unasema kwa mtu mzima isubiriwe miezi 12, wa Shirika la Afya Duniani unasema 6, ila wote wanataka uangalie kwanza desturi na dini ya mfiwa. Ndiyo maana nawasisitizia kalamu iende polepole, jina ukishaliandika kwenye faili ndugu wanalibeba mpaka mtaani, na mtu anaweza kukosa mchumba au kazi kwa neno moja.

Saa 10 jioni nimefunga ofisi. Niko kwenye daladala, yule mtoto mkubwa wa mama kapiga simu, "Dada, sasa kile kikombe tukiondoe?" Nikamwambia kiacheni. Na yule kijana anarudi Jumatatu saa 3, tunaanza tiba kwa kopo moja la maji.