Nilivyopotezwa na umbali nilipokokotoa mtikisiko

Aliyenifundisha kazi hii ya kukokotoa ardhi itatikisika kiasi gani tetemeko likitokea alinipa shauri moja ambalo hadi leo linaniudhi: tetemeko likiwa zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo ulipo, weka mtikisiko sifuri uendelee na mengine. Niliamini, nikapoteza karibu mwezi mzima.

Nilikuwa naipima modeli yangu kwa tetemeko la Meksiko la tarehe 19 Septemba 1985, lenye ukubwa wa 8.0. Pwani ya Michoacán, karibu na kitovu, ilitoka vizuri. Mexico City, karibu kilomita 400 kutoka kwenye kitovu, ilitoka shwari, ilhali siku ile mji huo ulizika maelfu ya watu. Nikakagua programu mstari kwa mstari. Sikuona kosa. Nikalegeza kiwango cha mawimbi kufifia njiani. Mji ukapanda, lakini na miamba yote ikapanda nao, hata pale ambapo vipimo vya kweli vilikuwa vidogo kabisa. Kila nilipoziba huku, kule kulivuja.

Vituo viwili vya mji huohuo ndivyo vilivyonikomboa. Cha chuo kikuu, juu ya lava ngumu, kilirekodi mchapuko (kasi ya mwendo wa ardhi kubadilika) wa takriban 0.03 g, g ikiwa mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa dunia. Kingine, kilomita chache tu kutoka hapo, juu ya tope la ziwa la kale la Texcoco, takriban 0.17 g. Na umbali kutoka kwenye kitovu ni uleule!

Mawimbi ya mapigo ya haraka hufia njiani; ya polepole hufika. Tope pale kituoni lina kina cha karibu mita 38, na mawimbi ya mkato, yale yanayoitikisa ardhi kando kwa kando, hulipita kwa takriban mita 75 kwa sekunde. Zidisha kina kwa nne, gawanya kwa kasi: sekunde 2, ndio muda wa tope lenyewe kuyumba mara moja, kwa hiyo wimbi la polepole la muda huo hulikuza mtikisiko. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa furaha, maana rekodi ya kituo inayumba kwa sekunde 2 hizohizo, na majengo ya ghorofa 6 hadi 15 ndiyo yaliyoumia zaidi.

Tangu hapo nakokotoa mwamba kwanza, kisha udongo juu yake, kila kipindi cha wimbi (muda wa kuyumba mara moja) peke yake. Tena unapokadiria modeli itakosea kiasi gani, usibahatishe kosa la kila eneo kivyake: maeneo jirani hukosewa pamoja.

Sasa tope linapanda na lava inatulia. Kilichobaki ni muda: mtikisiko wangu unaisha mapema kuliko ule wa rekodi, na ndicho ninachohangaika nacho wiki hii.